Semina, sheria, hesabu au kukaa pamoja: kipi hupunguza ubaguzi wa rangi?

Kila mwezi wa tatu, Waingereza wanapofunga mwaka wao wa fedha, hospitali ninayofanyia kazi hugundua kuna vijisenti vimebaki. Ndipo kamati yetu ya wafanyakazi wenye asili ya Afrika, Asia na Karibea huulizwa: mngependa vitumike vipi kupunguza ubaguzi wa rangi? Miaka minne mfululizo jibu limekuwa semina. Mwezeshaji anakuja na kompyuta yake, tunapanga viti duara, tunaandika hisia zetu kwenye vikaratasi vya njano na kuvibandika ukutani, tunakula sandwichi za mayai, tunarudi wodini. Semina za kwetu Tanzania walau zina posho.

Mwaka huu dada mmoja Mkenya, muuguzi aliyenitangulia huku kwa zaidi ya miaka kumi, alikataa kunyoosha mkono. Tulipotoka kikaoni akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, semina nimekaa hadi viti vimenizoea. Daraja langu la mshahara ni lile lile nililoingia nalo. Wewe unayependa kusoma hebu niambie: haya mambo yanafanya kazi kweli, ama tunajidanganya?"

"Kwa kweli sijui, dada. Nipe wiki mbili."

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Niliyoyapata nayapanga hapa mawili mawili, maana ndivyo yalivyonieleweka: karibu kila juhudi iliyofaulu ina pacha wake aliyeshindwa, wamevaa nguo zile zile, na ukiwasimamisha pamoja ndipo unaona walipoachana.

Ulimi umebadilika, mkono bado

Kwanza ilinibidi nichague kipimo. Mwaka 1958 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wanaikubali ndoa kati ya mweusi na mweupe; waliokubali walikuwa asilimia 4. Mwaka 2021 waliokubali walikuwa asilimia 94. Ukiishia hapo utasema kazi imekwisha, watu warudi nyumbani.

Sasa weka pembeni yake jambo hili. Mwaka 2017 mwanasosholojia Lincoln Quillian na wenzake walikusanya majaribio yaliyofanyika Marekani tangu 1989, yale ya kuwapelekea waajiri waombaji kazi wanaolingana kwa kila kitu isipokuwa rangi, au isipokuwa jina linaloashiria rangi. Weupe waliitwa kwa asilimia 36 zaidi ya weusi, na kwa robo karne nzima pengo hilo halikusogea. Huku Uingereza watafiti wa chuo cha Nuffield, Oxford, walituma maombi yapatayo 3,200 mwaka 2016 na 2017. Wenye majina ya Kiingereza walipata jibu la kutia moyo mara 24 kwa kila maombi 100; wenye majina yanayoonyesha asili ya nje walipata mara 15. Sifa za kazi zilikuwa zile zile.

Kwa hiyo fomu za maoni zinazojazwa mwisho wa semina, zile za "umejifunza nini leo", niliziweka kando. Watu wanajua jibu linalotakiwa. Nilichotafuta ni nani aliajiriwa, nani alipandishwa cheo, nani aliadhibiwa, na mtoto wa nani alipona.

Amri mbili za Marekani

Mwezi wa tano mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Hukumu ile inasifiwa katika kila kitabu cha historia, na inastahili. Lakini haikuwa na ratiba, haikuwa na mkaguzi, na wilaya iliyokaidi haikupoteza hata senti. Miaka kumi baadaye, katika majimbo ya Kusini, watoto weusi waliokuwa wakisoma pamoja na weupe hawakufika 3 kwa kila 100.

Pacha wa hukumu ile ni habari ambayo mimi, muuguzi wa miaka mingi, sikuwahi kuisikia popote. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikuwa na kifungu kinachosema fedha za serikali kuu haziendi kwa taasisi inayobagua. Mwaka uliofuata ikapitishwa bima ya afya ya wazee, Medicare, ianze kulipa tarehe 1 Julai 1966. Kwa hospitali za Kusini hizo zilikuwa fedha nyingi mno kuzipa kisogo. Serikali ikasema: mnazitaka? Wodi ziwe moja, vyumba vya kusubiri viwe kimoja, madaktari weusi wapate nafasi ya kulaza wagonjwa wao. Wakaguzi wakatumwa kwenda kutazama kwa macho, na wafanyakazi weusi wa hospitali zile zile, wafagiaji na wauguzi wasaidizi, wakawanong'oneza wakaguzi vitanda vilivyopangwa vizuri kwa ajili ya ugeni tu. Ndani ya miezi isiyozidi minne, hospitali zaidi ya 1,000 zilikuwa zimefungua milango.

Uamuzi wa 1954 ulihubiri kwa miaka kumi. Huu ulimaliza kazi kabla mimba haijafika wakati wa kujifungua. Na matokeo yake yanahesabika kwa watoto wachanga. Wanauchumi Douglas Almond, Kenneth Chay na Michael Greenstone walifuatilia vifo vya vichanga Mississippi na maeneo mengine ya vijijini Kusini, wakakuta kwamba vifo vya watoto weusi kutokana na kuhara na nimonia vilishuka kwa kasi kuanzia 1965 hadi 1971, hospitali zilipofunguka. Kuhara na nimonia. Magonjwa ambayo mtoto akifikishwa hospitali mapema, akapata dripu na dawa, anarudi nyumbani na mama yake. Hakuna mganga mkuu wa Mississippi aliyehitaji kubadilika moyo ili watoto wale wapone. Alihitaji kuogopa kukosa malipo.

Nisije nikaeleweka kwamba fedha peke yake inatosha. Serikali ile ile, kwa sheria ya 1946 ya kujenga hospitali, ilimwaga fedha Kusini huku ikiruhusu kwa maandishi kujengwa wodi za weupe na za weusi. Fedha ilikuwepo, sharti halikuwepo, na ubaguzi ukapata majengo mapya.

Uingereza nayo ina jozi yake, ndogo. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol ilikuwa haiajiri madereva wala makondakta weusi au Waasia. Vijana wa Karibea, Paul Stephenson akiwa msemaji wao, wakaanzisha mgomo wa abiria, na mwezi wa nane kampuni ikasalimu amri. Sheria ya kwanza ya nchi dhidi ya ubaguzi wa rangi ikaja 1965, na cha ajabu haikugusa kabisa ajira wala nyumba. Iligusa hoteli, baa na mahali pa umma. Ajira na nyumba vilingoja hadi 1968. Maana yake, kwa miaka mitatu ilikuwa kosa kumnyima mtu bia kwa rangi yake, na ruhusa kumnyima kazi.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini sheria iliyofungua hospitali haikuweza kuziba lile pengo la majina. Wodi mbili mkaguzi anaziona akisimama mlangoni. Barua ya maombi iliyotupwa kapuni haionekani na mtu. Mwombaji hajui ni nani aliyeitwa badala yake, kwa hiyo hana cha kulalamikia, na sheria inayosubiri malalamiko inalala.

Semina ya lazima na mkono wa mkubwa

Nirudi kwenye semina, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta hapa na ndiyo inayokula fedha nyingi.

Frank Dobbin wa Harvard na Alexandra Kalev wa Tel Aviv walichambua takwimu za kampuni zaidi ya 800 za Marekani kwa miongo mitatu. Kampuni zilizowalazimisha mameneja kuhudhuria mafunzo ya kuheshimu tofauti za watu, baada ya miaka mitano, zilikuwa na wanawake weusi wachache zaidi kwenye nafasi za umeneja: pungufu la asilimia 9 kwa wastani. Soma tena. Hawakuongezeka kidogo; walipungua. Mtu mzima akiburuzwa darasani kuambiwa ana kasoro, hutoka na kinyongo, na kinyongo chake hamalizii kwa mwezeshaji.

Kuna semina nyingine za kisasa zaidi, zinazolenga upendeleo uliojificha, ule ambao mwenyewe huujui. Zinapimwa kwa kompyuta: unabonyeza haraka haraka kwenye sura na maneno, na mashine inapima kasi yako. Mwaka 2016 Calvin Lai na wenzake walijaribu njia 9 ambazo zilikuwa zimeonyesha kubadilisha alama za kipimo hicho. Zote zilibadilisha, papo hapo. Baada ya saa chache hadi siku chache, hakuna iliyobaki. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2019, wa tafiti 492, ukaongeza pigo: hata pale alama zilipobadilika, tabia haikufuata.

Mwezeshaji wetu si mtu mbaya. Anaifanya kazi yake kwa moyo. Ila anatibu kitu ambacho hakuna anayeweza kukiona, kwa dozi moja, kisha hakuna kliniki ya marudio.

Pacha wake, katika takwimu zile zile za Dobbin na Kalev, ni jambo la kizamani ambalo bibi yangu angelitambua: kumkabidhi mdogo kwa mkubwa. Meneja anapewa kijana mmoja, mara nyingi wa rangi nyingine, amsimamie, amfundishe kazi, amtaje nafasi inapotokea. Kampuni zilizofanya hivyo ziliona wanawake weusi, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na Waasia, pamoja na wanaume wa Kilatino na Kiasia, wakiongezeka kwenye umeneja kwa asilimia 9 hadi 24. Meneja ambaye jana alikasirishwa na semina, leo anamgombania "kijana wake". Hakuna aliyemwambia yeye ni mbaguzi. Alipewa kazi ya kufanya, na mafanikio ya kijana yakawa yake.

Nilipomsomea dada yangu Mkenya sehemu hiyo alicheka. Kwao, alisema, mtu asiye na wa kumshika mkono ofisini huambiwa hana godfather, na hakuna anayehitaji utafiti wa Harvard kulijua hilo.

Kuficha jina, au kuhesabu

Kama shida ni jina, si tulifute? Wazo hili linapendwa na kila kamati, na hata mimi nililibeba kwa muda. Ufaransa walilijaribu kwa uzito mwaka 2009 na 2010, kupitia shirika la umma la ajira. Kampuni zilizokubali kushiriki zikagawanywa kwa bahati nasibu: hizi zipokee wasifu wenye majina, hizi zipokee uliofutwa majina. Matokeo yakawatoa jasho waliolibuni: waombaji wenye asili ya kihamiaji waliitwa *kidogo zaidi* majina yalipofichwa. Watafiti walieleza baadaye sababu wanayoidhania. Kampuni zilizojitolea zilikuwa tayari zile zenye nia njema. Zilipoona jina la Kiarabu na pengo la miaka miwili bila kazi, zilikuwa zikilielewa pengo lile kwa huruma. Jina lilipofutwa, pengo likabaki peke yake.

New Jersey na jiji la New York walikutana na kioja cha namna hiyo. Zilipitishwa sheria za kuwazuia waajiri kuuliza kwenye fomu kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani, kwa nia ya kuwasaidia weusi, ambao huhukumiwa zaidi. Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni kabla na baada. Kabla, weupe waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya weusi. Baada, kwa asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa jibu alikisia, na alikisia kwa rangi.

Kuficha habari, basi, ni silaha inayoweza kukugeukia. Inategemea nani anaitumia na kilichokuwa kikiendelea kabla. Ningeitumia kwa mwajiri niliyethibitisha kwa namba kwamba anabagua, si kwa kila mwajiri.

Kuhesabu ni kinyume chake: huondoi kitu, unakianika. NHS, shirika la afya la taifa la huku, tangu 2015 linazilazimisha hospitali zake kutangaza kila mwaka vipimo tisa vya usawa wa rangi. Viwili kati yake nimevikodolea macho kwa siku kadhaa.

Cha kwanza ni nidhamu. Mwaka 2016 uwezekano wa mfanyakazi asiye mweupe kufikishwa kwenye shauri rasmi ulikuwa mara 1.56 ya mwenzake mweupe. Kufikia 2022 ulikuwa umeshuka hadi mara 1.14.

Cha pili ni ajira. Mwaka 2016 mwombaji mweupe aliyefika hatua ya usaili alikuwa na uwezekano wa kupewa kazi mara 1.57 ya asiye mweupe. Mwaka 2022: mara 1.54. Hakijasogea.

Shirika moja, miaka ile ile, mabango yale yale ukutani, wafanyakazi wale wale wanaohudhuria semina zile zile. Kwa nini kimoja kishuke na kingine kigome? Maelezo ninayoyaamini, na nimeyaona kwa macho upande wa nidhamu, ni haya. Zamani mkuu wa wodi akikasirishwa na muuguzi alijaza fomu na gari likaondoka. Sasa hospitali nyingi zimeweka kituo njiani: kabla shauri halijawa rasmi, meneja anajibu kwa maandishi maswali ya orodha fulani, na mtu mwingine asiyehusika anayasoma. Je, kosa hili lingeweza kumalizwa kwa mazungumzo? Je, mwingine aliyefanya hivi mwaka jana alifanyiwa nini? Swali hilo la pili limeokoa watu ninaowafahamu. Upande wa usaili kituo hicho hakipo, au kipo kwa jina. Jopo linatoka chumbani na kusema fulani "anaendana zaidi na timu yetu," na hakuna anayeuliza kuendana ni nini.

Kwa hiyo hata kuhesabu peke yake hakujatosha. Pengo la ajira limehesabiwa kila mwaka nalo limekaa tu, kama mgonjwa anayepimwa presha kila asubuhi bila kupewa kidonge. Namba zilisaidia pale zilipoambatana na mtu anayelazimika kutoa sababu kabla ya uamuzi.

Kukutana, na kuishi pamoja

Wapo wanaosema dawa ni watu wajuane. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliweka wazo hili kitabuni mwaka 1954, lakini wengi husahau kwamba aliliwekea masharti: wanaokutana wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wakubwa wawaunge mkono. Mama wa Kiingereza na mfanyakazi wake wa ndani kutoka Jamaika walikutana kila siku kwa miaka thelathini. Ubaguzi ulikunywa nao chai.

Masharti yakitimia, kitu hutokea. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliwahi kuwapangia wanafunzi vyumba vya bweni bila kuchagua rangi, na watafiti wakawafuatilia. Wazungu waliopangwa na mwenzao wa rangi nyingine walipungukiwa na dhana mbaya juu ya weusi, na wanafunzi weusi walifanya vizuri zaidi masomoni. Ni chumba kimoja, mswaki kwa mswaki, kwa mwaka mzima, wote wakiwa wanafunzi.

Jozi yake ni ya mpira, na si ya rangi bali ya dini, ila funzo linahama vizuri. Kaskazini mwa Iraq, baada ya ISIS kuwafukuza Wakristo makwao, mtafiti Salma Mousa aliendesha ligi za mchangani: timu nyingine za Wakristo watupu, nyingine zikaongezewa wachezaji Waislamu. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena kwenye timu mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye walikuwa bado wakifanya mazoezi na Waislamu. Lakini walipoalikwa kwenye sherehe iliyochanganya watu wasiowajua, au kwenda kula mgahawani Mosul, mji wenye Waislamu wengi, hawakuwa tofauti na wengine. Walimpenda beki wao wa kushoto. Jamii ya beki wa kushoto waliiacha ilipokuwa.

Kukaa pamoja hubadilisha mtu kwa mtu, na kwa mtu huyo hudumu. Ukitarajia kuwa mapenzi hayo yatavuka uwanja yenyewe hadi kwenye ofisi ya ajira, utasubiri.

Mpira wenyewe

Siwezi kuandika kwa Waswahili nikauruka mpira. Kampeni ya kufukuza ubaguzi kwenye soka la Uingereza ilianza 1993. Fulana zimevaliwa, wachezaji wamepiga goti. Na bado tarehe 11 Julai 2021, Rashford, Sancho na Saka, wachezaji weusi wa timu ya Uingereza, walipokosa penalti za fainali ya Ulaya, matusi ya rangi yaliwafikia simuni kabla hawajavua viatu.

Weka pembeni Liverpool. Mohamed Salah, Mwislamu kutoka Misri, alijiunga nayo 2017. Watafiti waliolinganisha takwimu walikuta uhalifu wa chuki mkoani Merseyside, uliko mji wa Liverpool, umekuwa chini kwa asilimia 16 kuliko ungetarajiwa bila yeye, na kati ya machapisho ya mashabiki wa Liverpool kuhusu Waislamu, yaliyokuwa dhidi yao yalikuwa asilimia 3.4 badala ya 7.2 iliyotarajiwa. Ni matokeo makubwa kuliko ya kampeni yoyote ya fulana niliyoisoma. Ila Salah alikuwa anafunga, na sera ya kumtegemea mtu asikose penalti si sera.

Cha tatu ni Hispania. Mei 2023 uwanjani Mestalla, Valencia, Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid, aliitwa nyani. Mwaka mmoja baadaye watu watatu walihukumiwa kifungo cha miezi minane na kufungiwa viwanja kwa miaka miwili, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Kwa kawaida kifungo kifupi namna hiyo kwa kosa la kwanza hakimfikishi mtu gerezani kule, lakini uwanjani walizuiwa kuingia, na kwa shabiki huko ndiko kufungwa.

Tabora, 1958

Nilizaliwa Tabora, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Wakoloni walipoleta uchaguzi Tanganyika, waliweka kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura imeharibika. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama isusie. Nyerere aliwashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu akatoka kuunda chama chake, na TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, ikashinda. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia uende kwa rangi, Nyerere alisema serikali yake itajiuzulu likipita. Halikupita. Mwaka 1962 mifumo mitatu ya shule, wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika, ikawa mmoja.

Je, mioyo ilibadilika? Mimi nimekua nikisikia majina waliyokuwa wakiitwa majirani zetu Wahindi, na waliyotuita wao sisi. Lakini rangi ilitolewa kwenye karatasi ya kura, kwenye hati ya uraia na kwenye daftari la shule, mahali patatu ambapo ingeweza kufanya madhara kwa mhuri wa serikali.

Kama wewe ndiye unayechagua

Ukiwa na mamlaka juu ya fedha, anza na fedha: weka sharti, tuma mtu akaangalie, na uwe tayari kweli kuzuia malipo. Hakuna nilichokuta chenye kasi kama hicho.

Ukiwa mwajiri, acha semina ya lazima. Anayetaka kuhudhuria kwa hiari ahudhurie. Tumia fedha hiyo kuwapa wakubwa vijana wa kulea, na weka kituo cha maswali kabla ya nidhamu na kabla ya kuajiri. Usifute majina kabla hujahesabu.

Mwalimu au mlezi wa bweni: changanya vyumba. Kwa kocha au kiongozi wa msikiti au kanisa, timu moja ya mchanganyiko inayocheza msimu mzima inazidi bonanza la siku moja lenye wali na picha za pamoja, hata kama picha zinapendeza mfadhili.

Na ukiwa mfanyakazi wa kawaida usiye na fungu lolote, omba namba. Omba za idara yako, kwa maandishi, na utunze jibu.

Sisi kamati tulipiga kura Alhamisi moja jioni, zamu ya mchana ikitoka. Semina ilishindwa. Tuliomba mambo matatu: wauguzi wakuu wapewe vijana wa kuwalea, jopo la usaili liandike sababu kwa kila aliyekataliwa na mtu wa nje azisome, na namba za ajira za kila wodi zibandikwe kila baada ya miezi mitatu. Uongozi ulikubali la kwanza siku hiyo hiyo. La pili walikubali baada ya vikao viwili. La tatu walisema linaweza kuwavunja moyo wakuu wa wodi, watalitafakari.

"Umeona walipokwama?" dada aliniuliza tukivua aproni.

Jumatatu tuliandika barua ya pili, inayohusu namba tu. Yeye ndiye aliyeweka sahihi ya kwanza.